Namba Saba Ukutani kwa Mpiga Picha

Mtaa mzima ulimwita Setingi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila lilibaki kwenye vyeti tu. Hili la mtaani lilitokana na mazoea yake: ukimpelekea simu inayokwama, au iliyojaa, au inayoishiwa chaji kabla ya saa sita mchana, hakukupa pole wala hakuuliza ilianzaje. Alinyoosha kiganja na kusema, "Lete hapa. Tuingie setingi."

Kazi yake hasa ilikuwa kupiga picha ndogo za vitambulisho. Chumba chake hakikuzidi upana wa vitanda viwili. Kulikuwa na pazia la buluu ukutani, kigoda cha kuzunguka, mwavuli mweupe wa taa, kioo, kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisitembee, na koti jeusi la wateja. Koti hilo lilikuwa limeshapanda mabega ya karibu kila mwanamume wa mtaa ule. Wanene walilivaa bila kufunga vifungo. Wembamba walibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo, na pichani wote walitoka kama maofisa.

Halafu simu zikaanza kupiga picha safi, na watu wakaacha kuja. Setingi hakulalamika sana, maana aligundua kwamba wale wale waliomkimbia kwa sababu ya simu walikuwa hawajui kuzitumia. Akaanza kuwasaidia mmoja mmoja huku wakisubiri picha zao zitoke kwenye printa. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anashika simu nyingi kuliko nyuso. Akachukua kalenda ya zamani, akaigeuza nyuma, akaandika kwa kalamu nene: PROGRAMU KUMI ZA LAZIMA. Akaibandika mahali ambapo mteja akikaa kwenye kigoda lazima aione.

Tuseme ukweli, hakuwa mbabaishaji. Maoni yake mengi yalikuwa na akili ndani yake. Programu iliyokuwa nzito kuliko kazi yake aliikataa. Iliyomwaga matangazo kila ukiigusa aliikataa. Kilichomkera kuliko vyote ni programu zinazoomba ruhusa zisizozihusu. Alimgeuzia mteja skrini na kufoka kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa: "Hii ni tochi! Tochi tu! Inataka majina ya ndugu zako wote, ya nini? Inawaalika harusini?" Watu walicheka, wakaondoka na tochi nyingine, wakaenda kuwasimulia wenzao. Sifa zikampanda kichwani polepole, hata yeye mwenyewe hakuziona zikipanda. Akaacha kusema "nadhani". Mtu akimuuliza juu ya programu ambayo hajawahi kuigusa, alitazama ina nyota ngapi, akasoma maoni mawili matatu ya juu, akaangalia imepakuliwa na watu wangapi, kisha akatoa hukumu: "Hii weka," au "Hii achana nayo."

Namba saba iliingia kwenye orodha kwa mtindo huo. Ilikuwa programu ya kupima presha. Haikutaka mkanda wala mashine. Unaziba kamera kwa kidole, taa inawaka, mstari mwekundu unapanda na kushuka, na baada ya nusu dakika zinatokea namba mbili pamoja na moyo wa kijani unaopiga makofi. Ilikuwa na nyota nne na nusu. Haikuomba majina ya ndugu wa mtu yeyote. Setingi aliweka kidole chake mara moja tu, akapata mia na ishirini kwa themanini, akaufurahia mwili wake, akaiandika.

Mtu wa kwanza kumwekea alikuwa dada yake.

Dada huyu alimzidi miaka kumi na minne, na mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea. Alishona sare za shule. Cherehani yake ilikaa dirishani ipate mwanga, na kamera ya kwanza ya Setingi ilitokana na kola na vifungo vya watoto wa watu. Presha alikuwa nayo mwaka wa sita sasa. Kila mwezi alipanda kilima kwenda kliniki, akakaa kwenye benchi, akapimwa, akarudi na vidonge. Nyumbani alikuwa na mashine ndogo ya mkanda aliyonunuliwa na binti yake.

Jumapili moja mchana Setingi alimkuta anahangaika kuuvuta mkanda kwa mkono wa kushoto na meno.

"Dada, bado unajifunga hilo lidude?"

"Nifanyeje, mdogo wangu? Linanibana mpaka vidole vinakufa ganzi."

"Lete simu yako."

Dakika tano hazikufika. Akamwekea kidole, taa ikawaka, moyo wa kijani ukapiga makofi. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita.

"Haya, umeona?" alisema Setingi. "Hata mimi sifiki huko. Hilo lidude mpe mwenye shida."

Dada alicheka, akakigeuza kidole chake huku na huku kama mtu anayekiona mara ya kwanza. Kesho yake asubuhi mashine alimpa jirani yake, mke wa fundi bomba.

Miezi minne ikapita. Kila siku kabla ya kukalia cherehani alijipima, na kila siku alipigiwa makofi. Kliniki aliiruka mwezi wa kwanza kwa sababu ya mvua, wa pili kwa sababu ya sare nyingi, wa tatu bila sababu. Siku moja alipita studio kumletea mdogo wake suruali aliyompunguzia kiuno. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama mlangoni, "Naona nimepona mimi. Vidonge nimepunguza, sasa nameza nikikumbuka tu."

Setingi alikuwa na simu ya mtu mkononi, hakuinua hata macho. "Vizuri, Dada. Mwili umekaa sawa huo."

Kosa la kuiandika programu angeweza kulitafutia sababu baadaye. Neno hili la mlangoni hakulipatia sababu yoyote, ingawa aliitafuta sana.

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi. Setingi alikuwa amemvika koti mlinzi mmoja wa kiwandani aliyehitaji picha ya kitambulisho kipya, anamwinua kidevu ili shingo itoke, simu yake ikalia. Alikuwa mpwa wake, yule binti wa dada.

"Mjomba, njoo haraka. Nimemkuta Mama amelalia cherehani. Mdomo umekwenda upande. Namwita, ananitazama tu."

Alitoka mbio bila kufunga mlango. Alikuwa ameshavuka barabara alipokumbuka kwamba mlinzi wa watu bado yuko kwenye kigoda, kidevu juu, anasubiri kupigwa picha.

Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umelegea: mkono, mguu, shavu. Daktari alisema amewahishwa na atapona kwa kiasi, lakini hakutaja kiasi hicho. Alimwuliza binti mgonjwa alikuwa anameza dawa gani, na binti akajibu kwamba alikuwa amezipunguza kwa sababu presha ilikuwa nzuri. Daktari akaandika kwenye faili, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Siku ya pili Setingi alikwenda wodini na chupa ya chai na kikombe. Dada alikuwa macho, ameegemezwa kwenye mito miwili, anapepesa jicho moja taratibu kuliko lingine. Muuguzi mkuu wa wodi ile, mwanamke mfupi mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, alikuwa anasoma faili.

"Mama, miezi mitatu hukuja kliniki. Kwa nini?"

Binti akamjibia mama yake. "Lakini alikuwa anajipima kila siku, Sista. Angalia mwenyewe." Akatoa simu ya mama yake kwenye mkoba, akaifungua, akampa.

Muuguzi alishusha miwani. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Mia na ishirini na moja kwa sabini na tisa. Mia na kumi na saba kwa sabini na tano. Alipandisha ukurasa kwa kidole, na namba zilikuwa hizo hizo siku zote, hata asubuhi ya Jumanne ile.

"Alipimia nini?"

"Kidole. Unaweka hapo nyuma, kwenye kamera."

 Muuguzi aliigeuza simu, akaibonyeza kamera yake kwenye mto, pembeni ya kichwa cha mgonjwa. Taa ikawaka. Mstari mwekundu ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Kisha ukatokea moyo wa kijani unapiga makofi: mia na kumi na tisa kwa sabini na saba. Hongera, moyo wako una afya njema.

Bibi wa kitanda cha pili, aliyekuwa ananyoosha shingo tangu mwanzo, alisema, "Mto huo ni mzima kuliko sisi wote humu!" Wodi nzima ikacheka. Hata mfagiaji alisimama na fagio lake akacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walikuwa wagonjwa, na kichekesho kilikuwa kimewajia bure.

Setingi alihisi joto likipanda kutoka shingoni hadi kwenye masikio. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Nani alikuwekea kitu hiki, Mama?" aliuliza muuguzi.

Kicheko kilikuwa kinakwisha. Mpwa wake alimtazama usoni, kisha akatazama sakafu. Setingi alifungua mdomo. Hata leo anaapa kwamba alifungua mdomo. Lakini dada yake alimtangulia, kwa ulimi mzito uliokuwa unaburuta kila neno.

"Mimi... mwenyewe. Niliiona... tu."

"Mama, kwa umri wako, unacheza na vitu kama hivi?" alisema muuguzi. "Na dawa ukaziacha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Setingi alisema anakwenda kuosha kikombe. Alisimama kwenye sinki ya korido akafungulia maji, akakisugua ndani na nje kwa kidole, mpaka mtu mwenye ndoo aliyekuwa nyuma yake akamwomba ampishe.

Alirudi studio kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Hakuwa amemaliza kufungua dirisha, mlinzi akaingia na mfuko wa nailoni.

"Pole sana na mgonjwa, Bwana Setingi. Nimekuletea koti lako. Siku ile niliondoka nalo, sikutaka kuacha mlango wazi na koti ndani."

"Asante, ndugu yangu."

"Anaendeleaje?"

"Anaendelea."

Mlinzi alikaa kwenye kigoda, akamaliziwa picha yake. Wakati printa inanguruma, alisoma ukuta. "Hiyo namba saba, ya presha. Niwekee, basi. Mama yangu anasumbuliwa nayo, nimpelekee."

Hapa ndipo mtu anayemsikiliza Setingi akisimulia hushindwa kumtazama. Alikuwa ametoka wodini saa ile ile. Alikuwa ameuona mto ukipigiwa makofi. Angeweza kusema, hapana, hiyo imeharibika. Lakini mlinzi angeuliza imeharibikaje, na jibu la kwanza lingevuta la pili, na mwisho wa majibu hayo ulikuwa kitanda cha dada yake. Akanyoosha kiganja. Akaipakua. Akamwonyesha mahali pa kuweka kidole.

"Mungu akubariki," alisema mlinzi, akaenda zake.

Setingi alikaa muda mrefu akiwa ameshika kalamu nene. Kisha akainuka, akaifuta namba saba kwa wino mpaka isisomeke, na juu yake akaandika: HAIPATIKANI KWA SASA. Akarudi nyuma hatua mbili akaitazama. Alijua kwamba huo nao ni uongo, na kwamba ameuandika kwa mwandiko mzuri.

Siku tatu alikwenda wodini akiwa na neno kooni, na siku tatu alilimeza. Alikuwa na visingizio vya kutosha: daktari yuko kwenye mzunguko, muuguzi ana haraka, dada amelala. Alikuwa anabeba maji, ananyoosha shuka, anakimbizana na karatasi za dirisha la dawa. Wagonjwa wengine walimsifu. "Huyu ndiye ndugu," alisema yule bibi wa kitanda cha pili. "Wengine huja kutuangalia kama wanaangalia saa." Sifa ile ilimchoma kuliko tusi.

Siku ya nne mpwa wake alimfuata koridoni.

"Mjomba, utasema lini?"

Setingi alijifanya hakusikia vizuri. "Kusema nini?"

"Unajua." Msichana hakuwa na hasira, na hilo lilimfanya mjomba wake ajione mdogo zaidi. "Mimi sijamwambia mtu. Lakini kwenye faili wameandika mgonjwa aliacha dawa kwa hiari yake. Kila muuguzi anayeingia zamu anaisoma hiyo, anamsema upya. Leo asubuhi mmoja kamwambia kwamba yeye ndiye aliyejiletea. Mama anaitikia tu. Anaitikia, Mjomba."

Alirudi ndani, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda. Dada alikuwa anajaribu kukunja vidole vya mkono wa kulia kwa kutumia mkono wa kushoto, kimoja kimoja, kama anayepanga pindo.

"Dada. Kwa nini ulisema ni wewe?"

Dada aliviacha vidole. Maneno yalikuwa yanamtoka mazito, lakini yalitoka.

"Walikuwa wanacheka. Sikutaka wakucheke wewe."

Setingi aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa godoro. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, na alilia hapo mbele ya watu, mabega yakimtikisika, na bibi wa kitanda cha pili kwa mara ya kwanza akageukia ukuta akajifanya amelala. Dada alimwekea mkono wa kushoto juu ya kisogo. Hakumwambia nyamaza. Wala hakumwambia si kosa lako.

Muuguzi mkuu alikuwa kwenye kimeza chake mwisho wa wodi, anahesabu vidonge ndani ya vikombe vidogo. Setingi alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Sista, ile programu ya presha niliiweka mimi kwenye simu ya dada. Na mashine yake nilimwambia aigawe. Na dawa..." Hapo akakwama.  "Alipopunguza dawa aliniambia. Nikamwambia vizuri."

Muuguzi alimaliza kikombe alichokuwa nacho. "Nilijua."

"Alikuambia?"

"Ulikwenda kuosha kikombe ambacho hakikuwa kimenywewa."

Setingi alitamani ardhi ipasuke. Siku zote nne alikuwa anapita mbele ya kimeza kile akisema shikamoo kwa adabu zote, na mwanamke huyu alikuwa anajua.

"Nilikuwa nangoja useme," aliendelea muuguzi. "Umewawekea watu wangapi kitu hicho?"

"Sijui."

"Kumi? Hamsini?"

"Sijui, Sista. Ilikuwa ukutani."

Muuguzi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sare yake. "Basi ungeanza kujua," alisema. Akavuta faili la dada, akafungua ukurasa, na chini ya ile sentensi ya daktari akaandika mstari mmoja. Setingi hakuthubutu kuusoma.

Alianza na mlinzi, kwa kuwa ndiye aliyemuuma zaidi. Alimkuta kwenye geti la kiwanda, anafungulia lori. Alingoja lori lipite, kisha akasema yote bila kupumua. Mlinzi alimsikiliza akiwa ameshika nondo ya geti.

"Siku niliyokuletea koti, dada yako alikuwa ameshalazwa?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua kwamba kitu hiki ni cha uongo?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniwekea."

"Nikakuwekea."

Mlinzi hakupandisha sauti. Alimtazama juu hadi chini, polepole, namna anavyotazama mtu asiye na kitambulisho. "Mimi lile koti nililifua," alisema. "Nikalipiga pasi." Akafunga geti. Kutoka upande wa pili akampigia mama yake simu, na Setingi akasikia kila neno alilomwambia.

Wiki mbili zilizofuata alizimaliza kwa miguu. Alipekua bahasha za picha, akakumbuka nyuso, akagonga milango. Aliwapata watu kumi na tisa. Kinyozi wa jirani alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka alipokumbuka kwamba ameiweka pia kwenye simu ya baba mkwe wake. Mwalimu mstaafu alisema aliifuta siku ya pili, baada ya kumpima paka wake.

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

"Ulikuwa huambiliki siku hizo, mwanangu."

Mama mmoja muuza mitumba alikataa kabisa kuifuta. "Niachie," alisema. "Inanituliza." Setingi alimbembeleza, akaipima meza yake ya biashara mbele yake, meza ikaonekana ina presha nzuri, na bado mama yule alikataa. Ilibidi aende kwa binti yake kumwomba ampeleke mama kliniki, na binti akamwambia kwamba yeye sasa si wa kutoa ushauri katika nyumba yao. Setingi aliona ni kweli. Aliomba radhi kwa mara nyingine, akaondoka.

Dada aliruhusiwa baada ya siku kumi na mbili. Mguu ulikuwa unaburuza lakini unakwenda. Mkono ulikuwa haujarudi. Cherehani ilifunikwa shuka, na sare zilizobaki zikamaliziwa na mshonaji mwingine. Mke wa fundi bomba alisikia habari, akaja na ile mashine ya mkanda kwapani. Setingi alikuwepo, na hakujua aweke wapi macho.

"Naomba tushirikiane," mama yule alisema kwa upole. "Mimi nami nimeizoea, na imenigundulia presha yangu." Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi, wakapimana.

Kwenye simu ya dada Setingi aliweka kidogo tu, tena baada ya kumuuliza anataka kufanya nini, swali ambalo miaka yote hakuwahi kumuuliza mtu. Dada alitaka mambo mawili: akumbushwe dawa, na aweze kuwajibu wateja wake bila kuandika kwa mkono wa kushoto. La kwanza lilimalizwa na kengele iliyokuja na simu yenyewe. La pili, ujumbe wa sauti, ambao alikuwa nao siku zote bila kujua kwamba ukibonyeza pale unarekodi. Hakikupakuliwa kitu hata kimoja.

Siku aliyompeleka dada kliniki kwa mara ya kwanza tangu atoke, yule muuguzi mkuu wa wodi, aliyekuwa na zamu huko siku hiyo, alimwita pembeni.

"Alhamisi ijayo benchi litakuwa limejaa watu wa presha na sukari," alisema. "Kila wa tatu ana kitu kama kile kwenye simu. Mimi nikisema, wanaona ni muuguzi anataka wapange foleni. Njoo useme wewe."

"Niseme nini, Sista?"

"Ulichoniambia mimi."

Setingi alisema atafikiria. Alifikiria wiki nzima, na mara mbili alikaribia kumpigia kwamba ana mafua.

Alhamisi alikwenda. Benchi lilikuwa limejaa mpaka watu wengine wamesimama kando ya ukuta, kadi mikononi. Aliwafahamu wengi. Yule mlinzi alikuwepo na mama yake. Alimtazama mara moja, akageukia kadi. Dada alikuwa safu ya nyuma, fimbo kati ya magoti, binti yake pembeni.

Muuguzi alisema, "Huyu ana neno juu ya simu zenu," akajiondokea.

Setingi, mtu aliyekuwa hamalizi dakika bila kutoa maoni, alisimama pale akitafuta neno la kwanza. Mikono hakujua aiweke wapi. Alianza kwa sauti ndogo.

"Mimi ni mpiga picha. Wengi mnanijua. Kuna programu ya kupima presha kwa kidole. Niliiweka kwenye simu ya dada yangu, na sikuwa nimeijaribu. Niliangalia nyota. Nyota wanazitoa watu kama mimi, wanaoweka kidole mara moja wakafurahi."  Mtu alikohoa. "Aliniambia amepunguza dawa, nikamwambia vizuri. Sasa mkono wake hauwezi kushika sindano."

Mzee mmoja wa mbele aliuliza, "Sasa tutajuaje ipi ni nzuri na ipi ni mbaya?"

"Mimi nilikuwa naangalia kama inakuibia," alisema Setingi. "Sikuwahi kuuliza, hii ikinidanganya, nitajua kwa njia gani? Tochi isipowaka, utaona. Kengele isipolia, utaona. Hii ilikuwa inadanganya kila asubuhi, na hakuna mtu ambaye angeona." Sauti ilimpungua, ikawa ya mtu anayesemea kifuani. "Kama huna njia ya kuipima hiyo programu yenyewe, usiitegemee kwa kitu cha mwili wako. Na mtu akikuambia iweke, mwulize ameitumia siku ngapi. Mngeniuliza mimi..."

Hakuweza kuendelea. Alitazama ncha za viatu vyake. Uso ulikuwa unamwaka kama siku ile ya mto, na benchi zima lilikuwa likimtazama jinsi unavyomwaka.

Kutoka safu ya nyuma fimbo iligonga sakafu mara mbili.

"Sema kwa nguvu, mdogo wangu," alisema dada yake, kwa ulimi wake ule mzito. "Huku nyuma hatukusikii."

Vichwa vyote viligeuka kumtazama, kisha vikarudi mbele. Setingi alijifuta uso kwa kiganja, akainua kidevu, akaanza tena tangu mwanzo.